Kabla ya Kiwanda, Banda la Kujaribia

Kila baada ya miezi michache, video ya kijana wa magharibi mwa Kenya aliyeunda chombo kwa vyuma chakavu husambaa kwenye simu zetu. Leo ni ndege iliyoegeshwa uani kando ya mgomba, kesho gari la magurudumu matatu linaloendeshwa kwa betri. Maoni chini ya video hizo huwa yale yale. Serikali iko wapi? Mbona kipaji kama hiki kinaozea kijijini? Sasa kaunti zinajengewa maeneo ya viwanda, yale yanayojulikana kama CAIP, kila moja likiwa limepangiwa shilingi milioni 500, nusu kutoka Serikali ya Kitaifa na nusu kutoka kaunti yenyewe, na malalamiko hayo yamegeuka matumaini. Nimewasikia watu Kisumu na Nakuru wakisema kwamba hatimaye mifano ya majaribio inayofia kwenye meza za maonyesho itapata mahali pa kugeuzwa bidhaa.

Naona jambo hili tumelishika kwa upande wa makali. Mfano wa majaribio ukifa, hakuna kilichoharibika. Wasomi huuita prototaipu, fundi wa soko la Kibuye, Kisumu, atakwambia tu, "Hiki ni cha kujaribia." Hutengenezwa ili ujibu swali, na ukishalijibu kazi yake imekwisha, hata kama unaishia kwenye lundo la vyuma. Kinachotuumiza ni kwamba vijana wetu hutengeneza mfano mmoja tu, huutengeneza wakiwa wamechelewa, huupaka rangi, kisha huupeleka kwa majaji kabla haujafika kwa mtu atakayeutumia. Kati ya wazo na eneo la viwanda kuna safari ndefu ya kukosea kwa bei nafuu, na safari hiyo hatujaijengea hata kibanda.

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi uko jikoni. Jiko la makaa lenye udongo ndani, lile wanaloliita KCJ (Kenya Ceramic Jiko), limeenea mijini kiasi kwamba tunalidhania ni kitu cha asili, kana kwamba limekuwapo tangu enzi za mababu. Sivyo. Lilisanifiwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, likichukua mbegu kutoka jiko la Thailand lililofanana na ndoo yenye udongo ndani. Lile la Thailand lilipoletwa hapa lilikataa. Lilikuwa jembamba chini, na udongo wake ulipasuka, kwa kuwa bati na udongo havitanuki sawa vikipata moto. Ilibidi umbo libadilishwe mpaka likawa kama tunavyolijua leo: kiuno chembamba katikati, mdomo mpana, na makalio mapana yanayokaa imara sakafuni, udongo ukiwa umewekwa nusu ya juu tu, pale penye makaa. Makaa yaliyookolewa, kwa makadirio ya kawaida, ni kati ya theluthi moja na nusu ya yale yaliyoliwa na jiko la bati tupu.

Hebu tukae kidogo kwenye hayo makalio, maana somo lote limo humo. Jiko likipimwa maabara, kipimo cha kawaida ni kuchemsha maji: sufuria inawekwa, maji yanachemka, makaa yanapimwa uzito kabla na baada. Kwa kipimo hicho jiko jembamba chini laweza kufaulu vizuri kabisa. Lakini hapa kwetu chakula kikuu ni ugali, na anayesonga ugali wa watu wanane huegemea mwiko kwa uzito wa mwili wake, akiusukuma unga ukutani mwa sufuria, akigeuza, akirudia. Jiko linasukumwa kutoka ubavuni mara nyingi ndani ya dakika chache. Maji yanayochemka hayasukumi jiko. Swali la kama jiko litaanguka na kumwaga makaa miguuni pa mtoto lilijibika mahali pamoja tu, kwenye sakafu ya jikoni, mpishi akiwa ameshika mwiko. Aliyetaka kulijua jibu ilimlazimu apeleke jiko bovu kwa mama na akubali kuambiwa ni bovu.

Wazo hilo lilipotoka mjini kuja mashambani likabadilika tena. Nyumba nyingi za mashambani huku kwetu hazipikii makaa, hupikia kuni, na bati ndilo lililofanya jiko la mjini kuwa ghali. Kwa hiyo bati likaondolewa. Ukabaki udongo mtupu, kipande kimoja kilichochomwa, kinachozikwa kwenye kiunzi cha matope na mawe hapo hapo jikoni. Liliitwa Maendeleo, kwa kuwa lilienezwa pamoja na Maendeleo ya Wanawake, na baadaye likauzwa kwa jina la Upesi. Huku magharibi vikundi vya akina mama wafinyanzi vilikuwa nguzo ya kazi hiyo. Mama aliyejua udongo wa kijiji chake unavyokauka alikuwa na elimu ambayo mhandisi hakuwa nayo, na elimu hiyo iliingia kwenye jiko kwa sababu jiko lilimfikia likiwa bado linaweza kubadilishwa.

Pampu ya kukanyaga kwa miguu ilipita njia hiyo hiyo. Martin Fisher na Nick Moon walianzisha shirika lao, ApproTEC, hapa Kenya mwaka 1991, na mwaka 1996 wakatoa pampu ya MoneyMaker. Ilivuta maji vizuri. Ila iliyamwaga pale pale iliposimama, na mkulima ambaye shamba lake liko juu ya mto alibaki akiyatazama yakitiririka kurudi yalikotoka. Mwaka 1998 ikaja nyingine yenye uwezo wa kuyasukuma maji kupanda mlima kwa mpira. Vikanyagio navyo viliwekwa chini, kwa kuwa watumiaji wengi ni wanawake, na mama anayeheshimika hatapanda juu ya mashine akatikise nyonga mbele ya majirani. Hakuna hesabu ya mashinikizo ya maji itakayokwambia hilo.

Nikisema mfano wa majaribio ni swali, simaanishi swali moja kubwa la "kitafanya kazi?" Maswali ni mengi, na kila moja lina kifaa chake. Chukulia kikaushio cha omena (dagaa wa Ziwa Victoria), kitu ambacho kila mtu aliyewahi kupita fuo za Dunga, Usenge au Mbita wakati wa mvua amewahi kukiwazia. Mama amenunua mzigo alfajiri, ameuanika kwenye nyavu kuukuu mchangani, wingu linafunga saa tano, na kufikia jioni omena iliyokuwa chakula cha watu imekuwa chakula cha kuku, kwa bei ya chakula cha kuku. Mwanafunzi wa uhandisi akiambiwa asanifu kikaushio, mara nyingi huanza kuchomelea fremu ya chuma siku ya kwanza na kuimaliza wiki ya maonyesho. Mimi ningemtaka aunde vitu vitatu vya hovyo kwanza. Kimoja kiwe kisanduku cha mbao na karatasi ya nailoni, chenye kipimajoto ndani na tundu la hewa analoweza kulipanua na kulibana. Hicho kinauliza swali la joto na upepo peke yake, na hakuna haja kifanane na chochote. Cha pili kiwe vichanja vya fito na kamba vilivyopangwa orofa tatu, visivyokausha hata samaki mmoja, awape akina mama wapakie na kupakua. Hapo ataona kama mkono unafika nyuma, kama mgongo unauma, kama omena inanata kwenye wavu, kama watu wawili wanaweza kufanya kazi bila kugongana.

Cha tatu si mashine hata kidogo. Ni daftari. Akae ufuoni mwezi mzima akihesabu gorogoro (makopo ya kupimia) zinazoshuka kila alfajiri. Hapo atagundua jambo ambalo wavuvi wanalijua tangu utotoni: omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta samaki kukiwa na giza. Mbalamwezi ikiwa pevu, mavuno huanguka. Maana yake ni kwamba kikaushio kilichopimwa kwa wastani wa mwezi kitakaa kitupu siku za mbalamwezi na kitazidiwa siku za giza, ambazo ndizo mama anakihitaji. Pengine basi kinachotakiwa si kikaushio kikubwa kimoja, ni vidogo vingi vinavyokunjwa na kuwekwa kando. Pengine kinachotakiwa ni turubai na reki tu. Daftari la shilingi mia moja lingemwokoa fremu ya makumi ya maelfu.

Niliwahi kuketi meza ya majaji katika maonyesho ya wanafunzi, chuo sitakitaja. Kijana mmoja alileta mashine ya kuangua vifaranga ambayo kusema kweli ilipendeza kuliko nyingi zinazouzwa madukani: kioo mbele, rangi nyeupe, skrini ndogo inayoonyesha nyuzijoto 37.5, trei inayojigeuza yenyewe. Nikamwuliza imeangua mayai mangapi. Akanyamaza, kisha akasema kwa adabu kwamba ilikamilika wiki iliyotangulia. Yai la kuku huchukua siku 21. Nikamwuliza stima ikipotea usiku kwa muda wa saa nne nzima, joto huanguka kwa kasi gani? Hakujua, na halikuwa kosa lake, kwa sababu karatasi ya alama tuliyopewa ilikuwa na nafasi ya ubunifu, mwonekano na uwezo wa kujieleza, wala haikuwa na mstari wowote wa kuuliza alijaribu mara ngapi na nini kilimshinda. Akashinda nafasi ya pili. Nilimpa alama za juu mimi pia, na jambo hilo limenikaa rohoni tangu siku ile.

Wapo wanaopinga msimamo huu, na baadhi yao wana hoja za uzito. Wa kwanza wanasema zama za kukata mbao zimepita, kompyuta itakuonyesha jiko linavyopata moto na fremu inavyopinda kabla hujanunua msumari. Kuna ukweli mkubwa humo. Boeing 777 ilikuwa ndege ya kwanza ya kampuni hiyo kuchorwa yote kwa kompyuta, na kwa sababu hiyo waliweza kuacha sehemu kubwa ya mifano ya ukubwa kamili waliyozoea kuijenga. Lakini Januari 1995, baada ya hesabu zote hizo, walichukua mbawa halisi wakazipinda juu mpaka zikavunjika, na zikavunjika kwenye asilimia 154 ya mzigo mkubwa kabisa uliotarajiwa angani, kidogo tu juu ya kiwango cha 150 kilichotakiwa. Kompyuta ilikuwa imekaribia ukweli sana. Na bado waliokuwa wakiiamini kuliko watu wote duniani hawakupakia abiria kabla ya kuvunja ubawa. Mwanafunzi wa Maseno au wa Masinde Muliro mwenye programu nzuri na achore, tena achore sana, kwa kuwa programu itamwondolea majaribio kumi ya kijinga. Ila mbalamwezi na mwiko wa ugali havimo ndani ya programu mpaka mtu aende akavione na kuviingiza.

Wa pili wana hoja iliyonipa shida zaidi. Wanasema fundi wa jua kali hana anasa ya kujaribia. Huunda, huuza, mteja hurudi na malalamiko, cha kesho huwa bora, na kwa njia hiyo tumepata mikokoteni, vyuma vya kukoboa mahindi, masanduku ya bati na majiko yenyewe. Nakubali karibu yote. Fundi aliye na mteja jirani anafanya majaribio bora kuliko mwanafunzi aliye na mdhamini, maana mteja wake hamwonei haya. Hata hivyo kuna mambo mawili. Moja, gharama ya kosa hulipwa na mnunuzi. Kwa jiko, mnunuzi hupoteza mia chache. Kwa breki za bodaboda ya umeme hupoteza mguu, au zaidi. La pili ni kwamba elimu ya fundi hukaa kichwani mwake. Umbo la jiko likaigwa kila mahali, lakini kwa waigaji wengi sababu za umbo hazikuigwa pamoja nalo, ndiyo maana masokoni kulijaa majiko yenye kiuno sahihi na udongo usiochomwa vya kutosha, yakapasuka baada ya miezi michache na kuliharibia jiko zima jina. Jaribio lililoandikwa, hata kwa kalamu ya risasi ukutani mwa karakana, lingemwambia mwigaji ni kipi asikiguse.

Kuna na wale wanaoficha kazi zao kwa hofu ya kuibiwa wazo. Hofu hiyo si ya bure, na sheria ya Kenya inatoa hataza (haki ya kuzuia wengine wasiige) ya miaka 20 kwa uvumbuzi unaostahili, kwa hiyo mwenye jambo jipya kweli na aende akaulize mapema. Lakini akina mama watano wa ufuoni hawana kiwanda cha kukuibia. Wengi ninaowajua walioficha mashine zao miaka mitatu walizitoa mwishowe zikiwa na kasoro ambayo mtu yeyote angeiona siku ya kwanza.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika kwa sauti kubwa: kwamba mfano upo, umefanya kazi mbele ya macho yetu, kinachokosekana ni pesa na kiwanda. Dunia imeshalijaribu hilo kwa gharama kubwa. PlayPump ilitoka Afrika Kusini, bembea ya kuzunguka ambayo watoto wakiicheza huvuta maji kutoka kisimani hadi kwenye tangi. Ukiiona inafanya kazi unafurahi; watoto wanacheka, maji yanapanda. Mwaka 2006 ikatangaziwa dola milioni 16.4 huko Marekani, kwa lengo la kusimika pampu 4,000 barani Afrika kufikia mwaka 2010. Pesa ilipatikana na viwanda vilipatikana. Kilichokuwa hakijaulizwa ni nani atakayezungusha saa kumi na mbili asubuhi watoto wakiwa wamelala, au saa nne wakiwa darasani. Jibu lilikuwa mama zao, wakilisukuma gurudumu zito kwa mikono, pampu ya kawaida ya mkono ikiwa imeng'olewa kuipisha hiyo mpya. Kufikia mwaka 2010 mpango huo ulikuwa umesitishwa. Laiti kijiji kimoja kingeangaliwa kwa mwezi mzima baada ya wageni na kamera kuondoka, swali lingejibiwa kwa bei ya pampu moja.

Linganisha na M-Pesa. Majaribio yake yalianza mwishoni mwa mwaka 2005, Nairobi na Thika, kwa watu mia kadhaa, na lengo lilikuwa wakopaji walipe mikopo midogo kwa simu. Watu wakafanya walivyotaka wao: wakatumiana pesa, wakalipana, wakaweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasiibiwe njiani. Kulipa mikopo kukaonekana ni kugumu kuliko ilivyodhaniwa. Wahusika wangeweza kusema wateja wamekosea kutumia huduma. Badala yake, ilipozinduliwa Machi 2007, kiini chake kilikuwa kutuma pesa nyumbani, na mikopo ikawekwa kando. Jaribio lile lilishindwa kuthibitisha walichotaka kuthibitisha, na ushindi wote ulianzia hapo.

Maana yake kwetu ni nini? Maeneo ya viwanda yanayojengwa yamekusudiwa hasa kukusanya na kusindika mazao, yaani mahali ambapo swali limeshajibiwa na kilichobaki ni kuzidisha. Kumpeleka huko kijana mwenye mfano mmoja ni kumtaka aagize kalibu ya plastiki ya mamia ya maelfu kwa umbo ambalo huenda likabadilika mwezi ujao. Kama kaunti ina milioni 250 za kuchangia, na itenge sehemu ndogo sana kwa banda lisilo na fahari: mashine ya kuchomelea, mashine ya kukereza, mbao, mabati, stima isiyokatika, na fundi mmoja mzee wa jua kali anayelipwa mshahara kuwasaidia wanaokuja. KIRDI, taasisi ya taifa ya utafiti wa viwanda, ina kituo Kisumu, na vyuo viko Maseno, Kakamega, Bondo na Njoro. Banda hilo lingewaunganisha hao na Kibuye, ambako nusu ya ujuzi wenyewe upo tayari.

Pesa za mashindano nazo ziache kutolewa mara moja kwa hundi kubwa ya kupigia picha. Zigawanywe. Kidogo kwa mfano wa kwanza, wa maboksi na kamba. Zaidi kidogo kwa aliyerudi na orodha ya mambo yaliyomshinda. Sehemu kubwa kwa toleo la tatu au la nne lililokwisha kulala usiku kadhaa kwa mtumiaji. Vyuo viweke alama kwa mifano iliyokufa, viitake iletwe na kupangwa mezani kando ya ule ulio hai, na mwanafunzi aeleze kila mmoja ulimfundisha nini. Na zabuni za kaunti, ambazo hutaka vipimo vyote viandikwe kabla mtu hajagusa chochote, zitafutiwe njia halali ya kununua vitu kumi vya kujaribia kabla ya kununua elfu moja.

Kwa omena, mahali pa kuanzia panajulikana na gharama yake ni ndogo. Ufuo mmoja, akina mama sita waliokubali na kulipwa kwa muda wao, visanduku vitatu vya nailoni vinavyotofautiana tundu la hewa, vichanja vya fito na daftari. Kazi ianze Aprili, mvua zikiwa zinanyesha, katika wiki ya giza, mashua zinapofika zimejaa.